Usingizi Usiobisha Hodi

Ni nani kati yenu hajamwona Mkristo akisinzia kanisani wakati wa mahubiri? Mmecheka, na pengine mmemkanyaga mguu ili aamke. Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za kijana Eutiko, aliyeketi dirishani huko Troa huku Mtume Paulo akihubiri hata usiku wa manane. Usingizi ukamlemea, akaanguka toka orofa ya tatu. Paulo hakumkaripia. Alishuka, akamwinamia, akamkumbatia, kisha akaendelea na maneno yake mpaka alfajiri.

Sisi tunaowaandikia leo tu ndugu wa Eutiko. Tu mwalimu wa shule ya msingi katika nchi ya Kipese, tuna mke na watoto, na tangu umri wa miaka 16 usingizi hutuingia mchana bila kubisha hodi, mara 4 au 5 kila siku: tukiketi, tukila, tukisali, na mara nyingine hata tukiwa njiani. Hatukukusudia kamwe kuyatangaza haya gazetini. Tumeyaandika kwa ajili ya msichana mmoja wa darasa letu ambaye tulimkosea, na habari yake tutaisimulia mahali pake.

Kwa yeyote asiyeijua Kipese, ni nchi ya milima katika wilaya ya Lubero, kusini ya Butembo, upande ambao ardhi yashuka kwenda bonde la Ziwa Edward. Asubuhi ukungu hukaa mabondeni na baridi huuma vidole. Watu hulima viazi, maharagwe, kabichi na ngano katika miteremko mikali, hata mgeni hushangaa jinsi mkulima asivyoviringika pamoja na jembe lake. Ni watu wa kazi. Mnande humpima mtu kwa jembe lake na kwa saa ya kuamka kwake. Akutwaye mkekani jua limekwisha toka, jina lake limeharibika. Basi katika nchi ya namna hiyo, mtu mzima anayesinzia mchana ataficha wapi uso wake?

Ugonjwa ulitupata tukiwa katika seminari ndogo. Kengele ililia saa 11 alfajiri, tukaingia kanisani kwa tafakari. Wenzetu nao walisinzia, maana ni kijana gani asiyesinzia saa hiyo? Lakini wao walipokwisha kunywa uji, usingizi uliwatoka. Sisi tulisinzia kwenye tafakari, tukasinzia kwenye uji, tukasinzia kwenye Kilatini, na siku moja ya mpira tuliwekwa golini, tukafungwa bao tukiwa tumeegemea mlingoti tunaota ndoto. Kwanza watu walicheka. Baadaye zikaja adhabu: kusoma tumesimama, kupiga magoti, kulima bustani ya mboga wakati wa mapumziko. Tulipalilia vitunguu vingi sana miaka ile. Na kila Jumamosi, muda wa miaka 2, tuliungama dhambi ya uvivu, dhambi ambayo hatukuwa tumeitenda.

Jambo lililotumaliza halikuwa usingizi, lilikuwa kicheko. Jioni moja wenzetu walifanya mchezo wa kuigiza, mmoja amejifanya chifu aliyepotewa na kofia aliyoivaa kichwani. Tulicheka sana, na mara magoti yakalegea, kichwa kikainama, tukaanguka chini kama gunia la maharagwe lililokatwa kamba. Tulisikia kila neno lililosemwa juu yetu, lakini hatukuweza kuinua hata kidole. Baada ya dakika moja nguvu zikarudi. Wakasema ni kifafa. Mkubwa wa nyumba akatuita, akanena kwa upole, “Mwanangu, mtu awezaye kuanguka altareni akiwa ameshika kalisi, hatuwezi kumpeleka mbele.” Hatumlaumu. Alinena kwa kadiri ya alivyojua. Padri mmoja mzee alitusindikiza mpaka barabarani, akatupa kitabu cha maisha ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, akatuambia kwamba yule naye alikiri kuwa amesinzia katika sala zake muda wa miaka 7, wala hakukata tamaa. Kitabu hicho tunacho hata leo. Tumejaribu mara nyingi kukisoma, na kila mara tumelala.

Nyumbani wazazi walitupokea kwa kilio. Shangazi zetu wakatafuta mchawi, kwa kuwa usiku nao haukuwa na amani. Watu hudhani kwamba alalaye mchana hulala usiku kama jiwe. Sivyo. Usiku usingizi wetu hukatikakatika, na karibu ya mapambazuko huja jinamizi: macho yamefunguka, twaona paa la nyumba, lakini mwili hausogei, na kuna kitu kizito kimetukalia kifuani, au mtu asiyejulikana amesimama mlangoni. Wasomaji wa pwani watakumbuka hofu ya Popobawa, iliyoanza Pemba mwaka 1995 ikavuka hata Unguja na Dar es Salaam, watu wakilala nje wengi pamoja na kukesha kando ya moto. Wako wataalamu walioona kwamba sehemu ya hofu ile ilitokana na jinamizi la namna hii, ambalo huwapata hata watu wazima wa afya mara moja moja. Kwetu sisi huja kila juma. Shangazi mmoja alitaka tupelekwe kwa mganga avukaye usiku na pembe. Baba akakataa, akauza mbuzi, akatupeleka kwenye kituo cha afya.

Muuguzi aliposikia neno usingizi, aliwaza jambo moja tu: malale. Wala hakukosa kuwaza hivyo, na hapa yafaa tusimame kidogo, maana vijana wa leo hawajui kwa nini wazee wa upande wetu hawalifanyii mzaha neno hilo.

Tangu mwaka 1900 hivi hata 1920, malale iliwaua watu wa Uganda kando ya Ziwa Nyanza na visiwani, hasa Busoga. Yakadiriwa walikufa watu 250,000 au zaidi. Mwaka 1903 daktari wa jeshi la Waingereza, David Bruce, alionyesha kwamba viini vya ugonjwa hupelekwa na mbung’o. Katika Kongo nako ugonjwa ulienea mtoni na mabondeni. Bonde la mto Semliki, ambalo leo msafiri huliona tupu, lilikuwa na vijiji. Serikali ya Wabeljiji iliwahamisha watu wa mabonde yale kwa ajili ya malale, na sehemu kubwa ya nchi hiyo ya chini baadaye iliingizwa katika mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, nayo ndiyo Virunga ya leo. Juu milimani kwetu mbung’o hapendi baridi. Lakini watu hushuka ziwani kutafuta samaki, na muuguzi mwenye akili humwuliza mgonjwa miguu yake imefika wapi.

Tena malale ina desturi ya ajabu. Viini vikiisha kutoka damuni na kuingia ubongoni, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, kama kwamba saa iliyo ndani yake imegeuzwa. Hubadilika tabia, hukasirika bure, husahau watoto wake, na asipotibiwa hufa. Dawa ya zamani, iliyoanza kutumika mwaka 1949, ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Ilichoma mishipa kama pilipili, na katika wagonjwa 20 iliweza kumwua mmoja. Leo kuna vidonge vya feksinidazoli, mgonjwa humeza siku 10. Majaribio yake makubwa yalifanyika hasa katika Kongo yetu, yakiongozwa na daktari wa Kongo, Victor Kande, na serikali iliikubali dawa hiyo mwishoni mwa mwaka 2018. Mwaka 1998 wagonjwa karibu 40,000 walihesabiwa katika Afrika. Tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka. Hiyo ni kazi kubwa, nasi twasikitika kwamba shuleni tunawafundisha watoto majina ya mito ya Ulaya na hatuwaambii habari hiyo.

Basi muuguzi akatutoboa kidole, akadondosha damu kwenye karatasi ngumu, akaichanganya na dawa, akaitikisa, akaitazama. Hakuna malale. Akapima malaria, akapima sukari, akatazama kama damu imepungua. Hakuna. Akaandika katika daftari: uchovu. Kwa neno hilo moja tukaishi miaka mingi.

Katika miaka hiyo tulijifunza ualimu, tukaoa, tukapata darasa. Mengi ya maisha yetu yalikuwa kuficha. Tulifundisha tumesimama saa zote, hata wakati wa imla, na wazazi wakatusifu kwa bidii. Tulifungua madirisha yote, baridi ikiingia, watoto wakitetemeka. Tulikunywa kahawa nyingi, ile ambayo watu wetu huilima kwa kupelekwa nchi za mbali huku wao wenyewe wakinywa chai. Hata hivyo usingizi ulipita. Mara nyingine mkono huendelea na kazi wakati kichwa kimekwisha lala. Siku moja tulikuwa tukiandika ubaoni kwamba mto Semliki watoka Ziwa Edward na kuingia Ziwa Albert, tulipozinduka tukaona chini yake, kwa mwandiko wetu wenyewe, “na mbuzi wa shangazi hawakulipa.” Watoto walikuwa wameinakili sentensi yote kwa wino.

Watu wakasema, mwalimu anakunywa. Kwenye arusi ya mdogo wetu tulicheka, magoti yakalegea, tukashikiliwa na wawili. Kibuyu cha pombe ya ndizi kilikuwa karibu, basi ushahidi ukatimia. Tangu siku ile tukajifunza kutocheka. Ni jambo gumu kueleza: mtu huona kicheko kikija kwa mbali kama mvua juu ya mlima, naye hutafuta mahali pa kuegemea, au huwaza habari za kilio ili kisimfikie. Watoto wetu wenyewe walipokuwa wadogo, mama yao hakuturuhusu kuwarusharusha juu jinsi baba wengine wafanyavyo. Pikipiki hatupandi, wala mbele wala nyuma, maana aliye nyuma naye akilala huanguka. Sufuria ya maji ya moto hatuibebi. Moto wa mkaa hatuulindi peke yetu. Kijijini kwetu mwanamume asiyepanda pikipiki hana pesa au ana laana, nasi tulitembea.

Tulikuwa na miaka 27 tulipoonana na daktari mmoja mjini Butembo, tena kwa ajili ya kidonda cha goti tulichopata katika kuanguka. Alikifunga, akatusikiliza, kisha akauliza, “Mwalimu, ukicheka huwaje?” Miaka 11 tulikuwa tumeulizwa kama twalala mapema, kama twasali, kama tuna adui, kama twanywa. Hakuna aliyekuwa ameuliza swali hilo. Hatukuweza kumjibu mara moja, maana machozi yalitoka kwanza.

Ugonjwa huo waitwa narkolepsia. Jina hilo alilitunga daktari wa Ufaransa, Gélineau, mwaka 1880, alipomtibu mfanya biashara ya mapipa ya mvinyo aliyelala mara nyingi kwa siku na kuanguka akicheka. Miaka 3 kabla yake Mjerumani Westphal alikuwa amekwisha kueleza jambo lile lile. Lakini sababu yake haikujulikana muda wa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1998 wataalamu walivumbua ubongoni kitu kiitwacho oreksini. Mwaka uliofuata, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Emmanuel Mignot na wenzake wakaonyesha kwamba mbwa fulani, waliolala hovyo na kuanguka kwa furaha wapewapo chakula kitamu, walikuwa na kasoro ya kupokea oreksini. Na mwaka 2000 ikaonekana kwamba katika ubongo wa watu waliokufa wakiwa na narkolepsia, seli zitengenezazo oreksini zimetoweka karibu zote. Inadhaniwa kwamba askari wa mwili wenyewe, wale wa kupigana na magonjwa, wamekosea wakaziua.

Daktari alitueleza kwa mfano wa mlinzi. Katika ubongo wa mtu mzima wa afya yuko mlinzi mlangoni, naye huushika mlango: mchana kukesha, usiku kulala. Mtu alalapo, baada ya saa moja au moja na nusu huja usingizi wa ndoto, na wakati huo mwili hufungwa kabisa, ili aotaye anakimbia asikimbie kweli na kuvunja kitanda. Kwa mwenye narkolepsia mlinzi amekufa. Basi mlango wapepea. Usingizi huingia mchana, kukesha huingia usiku, ndoto huja baada ya dakika chache tu, na kufungwa kwa mwili hutokea wakati mtu yu macho: akiamka, hilo ndilo jinamizi, akicheka, huko ndiko kuanguka. Mambo yote ambayo shangazi walikuwa wameyagawia wachawi wanne yalikuwa na mlango mmoja.

Hakuna dawa ya kumfufua mlinzi. Zipo dawa za kumfanya mtu akeshe, na dawa mpya zinazoiga oreksini zimefanyiwa majaribio katika nchi za ng’ambo. Kwa mwalimu wa mlimani zote hizo ni habari za mbali. Alichotupa daktari ni saa. Kulala usiku wakati ule ule, kuamka wakati ule ule, na kulala mchana kwa makusudi, dakika 15 au 20, kabla usingizi haujajichukulia wenyewe. Dakika hizo chache hutusafisha kichwa kwa saa 2 au 3. Lakini kwa kulala hivyo shuleni, lazima watu wajue. Na hapo tukashindwa. Tulimwambia mama watoto tu. Daktari alisema kwamba Ulaya na Amerika hukadiria mgonjwa mmoja katika watu 2,000 hivi. Mji wa Butembo una watu laki kadhaa: fanyeni hesabu. Wako wapi? Bila shaka wapo, nao wana majina: mvivu, mlevi, aliyerogwa. Nasi tulikuwa tumejua jina letu la kweli, tukaliweka mfukoni.

Huyo Harriet Tubman wa Marekani, aliyezaliwa mtumwa huko Maryland, alipigwa kichwani na jiwe la mizani akiwa kijana, na tangu hapo usingizi ulimwangusha ghafula hata katikati ya maneno. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine, wa jeraha. Lakini alirudi mara 13 hivi katika nchi ya utumwa kuwatoa watu wapatao 70, na alipolala njiani, wale aliowaongoza waliketi wakamngoja. Tumelifikiri sana neno hilo, kwamba walimngoja. Maana yake walijua.

Sasa tusimulie habari za yule msichana.

Alikuja darasani katikati ya mwaka, umri wake miaka 11. Jamaa yake walitoka upande wa Beni, ambako tangu Oktoba 2014 watu wameuawa usiku kwa panga na bunduki katika vijiji na mashamba, na maelfu wameikimbia nchi yao. Darasa letu lilikuwa limejaa, maana tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019 madawati hayatoshi. Tulimweka nyuma, karibu na ukuta. Saa ya pili ya masomo haikuisha naye amelala, kichwa juu ya daftari. Kesho yake vivyo hivyo. Juma lote vivyo hivyo.

Siku ya Ijumaa tulikuwa tukisomesha hesabu za sehemu, na usingizi wetu ulikuwa umekwisha kaa mabegani. Tulishika ukingo wa meza. Mtoto mmoja wa mbele akamnong’oneza mwenziwe, nasi tukasikia, “Wanalala wawili.” Darasa likacheka. Moyo wetu ukaingiwa na hofu, na hofu ikageuka kuwa ukali. Tulimwamsha msichana kwa sauti ya kutisha, tukampeleka nje, tukampigisha magoti juu ya changarawe mbele ya mlango, mahali ambapo kila apitaye angemwona. Alikaa pale mpaka kengele. Hakulia. Aligeuza tu kichwa huku na huku akitazama barabara.

Jioni tulimsimulia mama watoto. Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua macho, akasema, “Wewe, mwalimu? Wewe ndiye wa kumpigisha magoti?”

Kulipokucha Jumamosi tukashuka mpaka nyumba waliyoazimwa, nyumba ya udongo pembeni ya shamba la viazi. Baba yake alitupa kiti, akasimama mwenyewe. Tukamwomba radhi. Kisha tukamweleza mambo yote: seminari, kicheko, mlinzi aliyekufa, saa ya kulala. Alikuwa mtu wa kwanza nje ya nyumba yetu kuyasikia. Tukamwambia kwamba binti yake yamkini ana ugonjwa wetu, na kwamba sisi wenyewe tutawasindikiza kwa daktari, asije akapotewa na miaka 11 kama sisi. Tulisema kwa moto, na tukasema kwa muda mrefu.

Alipoona tumemaliza, akasema, “Mwalimu, asante. Lakini mtoto huyu hana ugonjwa wako. Huyu halali usiku.”

Akatueleza. Usiku ule waliokimbia, yeye ndiye aliyesikia kwanza. Mbwa wa jirani alikuwa amebweka mara moja na kunyamaza, na mtoto akaamka, akawaamsha wadogo zake, akamwamsha baba. Walitokea mlango wa nyuma. Jirani hawakuamka. Tangu siku hiyo, kila mahali walipolala, katika shule, katika nyumba ya parokia, katika nyumba hii, huketi karibu na mlango, viatu vya wadogo zake amevipanga mbele yake. Akilala yeye, ni nani atakayesikia? Jua likitoka humwachilia. Na shuleni kuna mwanga, kuna watu wengi, kuna mwalimu mkubwa amesimama saa zote bila kuketi, akiangalia. Baba alisema kwamba binti yake alimwambia hivyo: kule darasani mwalimu yuko zamu.

Hatukuwa na neno. Tulikwenda tukiwa na jina la ugonjwa mkononi, tayari kulibandika, kama vile wengine walivyotubandika sisi ya kwao.

Mambo mengine yalifuata polepole, wala hatutasema yote yamekwisha. Baba na jirani yake wa shamba walipatana kukaa zamu ya usiku mlangoni, kwa kupokezana, wakiwa na taa, na kila jioni baba humwambia mtoto jina la yule mwenye zamu. Mwanzoni alikaa nao. Baada ya majuma kadhaa alianza kulala saa 3, saa 4. Muuguzi, aliyekuwa amefundishwa namna ya kuzungumza na watu walioona mauaji, huzungumza naye siku za Jumatano. Kuna usiku mbwa hubweka, na yote huanza upya.

Nasi Jumatatu tulisimama mbele ya darasa tukawaambia watoto 68 jina la ugonjwa wetu. Tuliliandika ubaoni, safari hii tukiwa macho. Tulimwomba radhi msichana mbele yao, mahali pale pale walipomcheka. Mkuu wa shule, tulipomwarifu, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba alikuwa amedhani ni pombe, na kwamba dakika 15 wakati wa mapumziko si kitu. Mkeka ukawekwa nyuma ya darasa, na wa pili kando yake kwa mtoto yeyote aliyekesha. Kiranja akapewa kengele ndogo ya kutuamsha.

Siku ya kwanza tulilala sisi na yule msichana, kila mmoja na mkeka wake. Tulipozinduka, jua lilikuwa limesogea dirishani kuliko ilivyopasa, na mapumziko yalikuwa yamekwisha zamani. Darasa lilikuwa kimya, wote wameinama wakifanya hesabu ambazo hatukuwa tumeziagiza. Msichana alikuwa ameketi mlangoni, kengele ya kiranja iko mapajani mwake, ameishika ulimi isilie.